Neno "quail" la kunywea na "quail" la ndege: ni neno moja, au wamekutana njiani tu?

#1 MwalimuWaMjini
Assalaam alaykum wana jukwaa. Nnasomesha Kiingereza skuli moja hapa Mjini, kidato cha tatu. Kwenye hadithi tunayosoma paliandikwa kwamba shujaa alipomuona adui yake ana kwa ana "quailed". Nikawaambia wanafunzi waangalie kamusi. Nusu ya darasa wakaja na jibu kwamba shujaa aligeuka kware. Nikawafahamisha kuwa hapa ni kitendo: kunywea, moyo kurudi nyuma kwa hofu. Basi binti mmoja anayekaa mbele akanyanyua mkono: "Mwalimu, Waingereza wamempa ndege jina la uoga, au ndege ndiye aliyeupa uoga jina lake?"

Swali zuri mno, na sikutaka kumjibu kwa kubuni. Mie nnaelekea kuamini ni neno moja. Kware ni ndege wa kujificha, basi anayeogopa akaitwa kwa jina lake, kama sisi tunavyosema mtu kaufyata, tukimkusudia mbwa na mkia wake. Mwenye ushahidi atuletee. Jumatatu nnarudi darasani na binti yule hasahau.

#2 Kijana_Darajani
Mwalimu jibu unalo mdomoni. Kwale! Quail! Yatamke yote mawili upesi upesi uone. Waingereza wametutawala tangu 1890, wamekula kwale wetu, wameondoka na jina lake. Si walichukua "safari" na hadi leo wanaitumia? Hili nalo letu.

#3 NahodhaWaFumba
Kijana, kwetu huku kuna kisiwa kizima kinaitwa Kwale, ghuba ya Menai, wageni wanapelekwa kila uchao. Na Kenya kuna kaunti nzima ya Kwale. Jina tunalo. Lakini kwale si kware. Kwale ni mkubwa, kimo chake kinamkaribia mtetea, na alfajiri akipiga ukelele kondeni huna haja ya saa ya kukuamsha. Kware ndio hawa wadogo wa kwenye vizimba, wenye mayai ya madoadoa. Mkianza kwa kuwachanganya hawa wawili, uzi wote utakwenda mrama.

#4 BintiVuga
Ahsante nahodha, umeniokolea nusu ya kazi.

Kijana wa Darajani, tarehe zinakukatalia. Neno "quail" la ndege limeandikwa kwa Kiingereza tangu karne ya 14, miaka mia tano na zaidi kabla ya huo mwaka wako wa 1890. Walilipata kwa Wafaransa, "quaille" ya zamani, na nyuma yake Kilatini cha karne za kati, "quaccula". Kabla ya kulipokea, Waingereza wa kale walikuwa na jina lao wenyewe la ndege huyu, "edischen", maana yake kama kuku wa kondeni. Na huyo kwale wetu ni jina la Kibantu lililoenea: Wazulu wanasema "inkwali", Wachewa "nkhwali". Halikutoka kwa Waingereza wala halikwenda kwao.

Kwa nini yanafanana? Ndege hawa wanaitwa kwa milio yao. Kiholanzi cha zamani ni "kwakkel", ukilisema kwa sauti unamsikia ndege mwenyewe. Masikio ya watu yamesikia jambo la kukaribiana katika pande mbili za dunia.

Hilo ni la ndege. La kitendo ni kesi nyengine na nitarudi, sasa hivi nna kipindi.

#5 Kijana_Darajani
Sawa ukhti, lakini "masikio yamesikia jambo la kukaribiana" na wewe ni dhana tu. Mabaharia wa Kiarabu walikuja huku miaka elfu na zaidi, walifika Sicily, walifika Andalusia. Jina la ndege halipandi jahazi?

#6 NahodhaWaFumba
Linapanda, lakini lipe nauli. Nionyeshe Mwarabu mmoja aliyeliandika njiani.

#7 Mfugaji_Mwera
Nyie mnazungumza vitabu, mie nimefuga kware, ngojeni niwaambie nilichokiona kwa macho.

Kivuli cha mwewe kikipita juu ya banda, kware hawakimbii. Wanajibana chini, tumbo limegusa maranda, shingo imeingia ndani, kimya, utadhani banda tupu. Mgeni akiwaona hivyo atasema wametulia. Basi fungua mlango ghafla. Anaruka mmoja wima kama risasi, kichwa ngwi! kwenye dari, na wenzake nyuma yake. Nilipoteza ndege wazuri kwa kupasuka kichwa mpaka jirani akanambia nishushe dari wasipate mwendo wa kurukia, na chini ya wavu nitandaze gunia.

Kwa hivyo ndege huyu ana mambo mawili: kwanza ananywea, kisha anachupa. Neno la mwalimu ni lile la kwanza kabisa, lile la kujibana. Aliyelitunga lazima alikuwa amemuona kware akifanya hivyo. Mie siwezi kuamini vyengine.

#8 Shoga_wa_Jang'ombe
Mfugaji, mayai bado unauza? Mama mkwe ana kikohozi kisichokwisha na kaambiwa ayanywe mabichi.

#9 MzeeKarafuu_Wete
Yakhe Mfugaji umesema kweli tupu kuhusu kujibana, ila mie nnataka tuifahamu maana kwanza, ndipo tutafute asili. Mwalimu kasema "kunywea", na kwenye sentensi ya pili akasema "kurudi nyuma". Kwetu Pemba hayo ni mambo mawili.

Mwenye kuujua mchezo wa ng'ombe atanifahamu. Ng'ombe kafungwa kamba ndefu, zumari linalia, wanawake wanaimba, mchezaji anamwendea na kitambaa. Kuna ng'ombe anayerudi nyuma hatua mbili tatu, kichwa chini, anachimba kwa ukwato. Huyo usimsogelee, anajipima. Na kuna ng'ombe hakurudi hata shubiri moja, kasimama pale pale, lakini masikio yamelala, macho hayakutazami tena, shingo imelegea. Huyo ndiye aliyenywea. Wachezaji wakongwe wanamjua kabla ya watazamaji, na mwenyewe anaambiwa akamfungue arudi zizini.

Sasa hilo neno la Kizungu ni la ng'ombe yupi?

#10 MwalimuWaMjini
Mzee Karafuu, ahsante sana, hapo umegusa penyewe. "Quail" ni la ng'ombe wa pili. Waingereza husema moyo wa mtu "quailed", ushujaa wake "quailed", na miguu yake iko pale pale. La ng'ombe wa kwanza, la mwili kurudi, wana neno jengine, "recoil". Kamusi zinayaweka pamoja, na ndio maana nami niliyasema kwa pumzi moja.

#11 Msasi_Makunduchi
Kwa vile "recoil" limetajwa: sisi wasasi tunalijua begani. Bunduki inaporudi baada ya risasi kutoka, Waingereza hulitumia neno hilo hilo. Tukienda kusasa nguruwe, kijana mpya hushika bunduki mbali na mwili kwa kuiogopa, basi kitako kinarudi na kumpiga bega mpaka linavimba. Anayejua huikumbatia, kitako kikagandama begani kabla hajavuta.

#12 BintiVuga
Msasi, umesema "kitako" na hukujua umefukua nini. "Recoil" limetoka Kifaransa, "reculer", na ndani yake mna "cul", yaani makalio, kutoka Kilatini "culus". Kwa asili ni kurudi kwa makalio, kinyumenyume kama punda aliyekataa daraja. Hili halina ubishi kwa wanaisimu, njia yake inaonekana hatua kwa hatua.

#13 Pujini_Mkongwe
Na Wareno wanasema "recuar", ni lile lile, Kilatini kile kile. Wareno walikaa visiwani humu karne ya 16 na ya 17, wametuachia meza, leso, bendera, kasha, foronya. Na mchezo wa ng'ombe wenyewe watu wengi wanasema ni wao waliouacha. Mzee Karafuu, inawezekana babu zetu walilisikia "recuar" kiwanjani wakimwambia ng'ombe, sema halikushika.

#14 MzeeKarafuu_Wete
Yawezekana. Lakini ng'ombe wa Pemba hafahamu Kireno, huyo nakuhakikishia.

#15 Mwongozaji_Kiwengwa
Nafanya kazi na Wataliana mwaka wa ngapi sijui, nina jambo la kuongeza kwenye "quail". Wataliana kware wanamwita "quaglia". Na ile dawa ya kugandishia maziwa wanapotengeneza jibini wanaita "caglio". Nikawa najiuliza, ndege na maziwa wapi na wapi?

Kifaransa ndio kabisa. "Caille" ni kware, "cailler" ni maziwa kuganda. Na mgeni wa Kifaransa akiingia baharini asubuhi ya kipupwe, utamsikia "ça caille!", anakusudia baridi imemgandisha. Mie nadhani uoga wa "quail" ni wa kuganda. Damu inamganda mtu, ananywea. Ndege hayumo.

#16 BintiVuga
Mwongozaji, hongera, umeifikia mwenyewe moja ya njia mbili ambazo wanakamusi wanazitaja. Kiingereza nacho kilikuwa na "quail" la maziwa kuganda, tangu karne ya 14, kutoka Kifaransa cha kale "coailler", na nyuma yake Kilatini "coagulare", hilo hilo ambalo madaktari wanalitumia kwa damu kuganda. Baadaye likafa kwenye lugha ya kawaida. Wanaolipendelea wanasema: kilichoganda kimeharibika, kikawa kudhoofika, kikawa kuvunjika moyo.

Njia ya pili ni ya kaskazini. Kiholanzi cha karne za kati kina "quelen", kuugua, kuteseka. Ndugu zake wapo hadi leo: "kwaal" ya Kiholanzi ni maradhi, "Qual" ya Kijerumani ni mateso makali, na Kiingereza chenyewe kina "quell", kuzima fujo, ambalo zamani lilikuwa kuua kabisa.

Na tarehe: kitendo "quail" kinaonekana katika maandishi ya karne ya 15, kwa maana ya kudhoofika, kunyauka, kufifia. Maana ya hofu imekuja katikati ya karne ya 16. Yaani kwanza mtu alinyauka, ndipo akaogopa. Mie hili linanivuta upande wa maradhi, na wanakamusi wengi nao wanaanza na huo, lakini hakuna aliyeweka muhuri. Wanaandika "huenda".

#17 BiMkubwa_Ng'ambo
Wanangu, salaam zenu nyote. Mie sikusoma Kilatini lakini nimepika tangu utoto, na huyu Mwongozaji ana haki.

Tui zito ukilibandika motoni ukaacha kulikoroga, linakatika. Mafuta yanapanda juu, maji yanabaki chini, katikati vidonge vidonge. Ukilionja, ladha ipo, lakini umbo limeondoka, halishikani tena na halirudi hata ukoroge mpaka Isha. Ndilo tunaloliita tui lililokatika. Na mtu akipata khabari ya kumtisha tunasemaje? Maini yamemkatika! Hatusemi yameugua, tunasema yamekatika, kama tui. Waingereza nao wana maziwa yao, wakaona jambo lile lile. Hapo kwaal na kwelli mie sihitaji.

#18 Shoga_wa_Jang'ombe
Shikamoo Bibi. Hapa umenifunga mdomo. Mimi niko na tui.

#19 Kijana_Darajani
Na mie nahamia kwenye tui, mradi ukhti asishinde.

#20 BintiVuga
Shikamoo Bi Mkubwa. Mfano wako ni mzuri na nitautumia darasani kwangu, kwa idhini yako. Ila naomba nishike ukingo. Watu wawili wakilifikiria jambo kwa namna moja, inaonyesha kuwa mwendo huo wa maana unawezekana. Haionyeshi kwamba ndio uliotokea kwa Waingereza. Tena hata "maini kukatika" yaweza kuwa ni kukatwa kama kwa kisu, tui halimo. Tunahitaji sentensi ya Mwingereza wa kale inayotoka maziwa na kuingia moyoni, na sikuiona.

#21 BiMkubwa_Ng'ambo
Idhini unayo mwanangu. Lakini kisu hukata, hakikatishi kitu kikawa vidonge. Njoo jikoni.

#22 Ustadh_Michenzani
Assalaam alaykum. Kuhusu ndege: Qur'ani imetaja Manna na Salwa, Al-Baqara aya ya 57, na tena katika Al-A'raf na Taha. Wafasiri wengi wanasema Salwa ni ndege huyu kware au mfano wake, walioteremshiwa Wana wa Israil. Na "salwa" kwa Kiarabu ni liwazo pia, kinachomtoa mtu huzuni. Basi angalieni: kwa Waarabu ndege huyu jina lake limekaribiana na utulivu wa moyo, na nyie mnamfanya chanzo cha moyo kuanguka. Mwalimu, mwambie binti yako hilo, litampa la kufikiri.

#23 MwalimuWaMjini
Ahsante ustadh, nitamwambia.

#24 MsomajiWaUsiku
Mmemwacha kware mapema mno. Nileteni kwenye vita vya kware.

Wagiriki wa kale walikuwa na mchezo: kware anawekwa ndani ya duara, mtu anampiga kichwani kwa kidole au kumng'oa unyoya. Akisimama imara, mwenye ndege kashinda. Akirudi nyuma na kutoka nje ya duara, mwenyewe kaliwa. Hebu niambieni, hiyo siyo "quail" kamili? Warumi nao walipiganisha kware. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, ameandika kwamba ndege wa Antony, mtawala wa Kirumi, walikuwa wakishindwa na wa mshindani wake Octavius Caesar, na Shakespeare akalitia hilo kwenye tamthilia yake ya Antony na Cleopatra, Antony analalama kuwa hata kware wake wanapigwa. Mtu aliyeona kware akirudi nyuma mbele ya umati, na fedha za watu ziko juu yake, hawezi kukosa kuliunganisha jina na kitendo.

Mfugaji wa Mwera alikuwa na haki tangu mwanzo.

#25 Mfugaji_Mwera
Ahsante. Nilikuwa nangoja mtu mmoja tu.

Shoga wa Jang'ombe, mayai yapo, nitumie ujumbe. Lakini mgonjwa wa kikohozi kisichokwisha mpelekeni hospitali akapimwe. Mimi nauza mayai ya kula, siuzi dawa, na wanaonadi kwamba yanatibu kila kitu wananiharibia biashara. Na mabichi asinywe, yachemsheni.

#26 BintiVuga
Msomaji, mchezo ule ni wa kweli na nimefurahi umeuleta. Lakini Wagiriki ndege huyu walimwita "ortyx", na Warumi "coturnix". Kitendo kilichoonwa Athens hakiwezi kuzaa neno la Kiingereza kwa jina ambalo Athens hawakulijua. Ungepaswa kuniletea vita vya kware vya Uingereza yenyewe.

#27 MsomajiWaUsiku
Waingereza walikuwa wakimsoma Plutarch kwa lugha yao wakati ule ule. Tafsiri ya Thomas North ilitoka 1579. Wewe mwenyewe umesema maana ya hofu imeingia karne ya 16.

#28 BintiVuga
Nimesema katikati ya karne ya 16. Maana ya hofu ilishaandikwa kabla ya 1579. Kitabu hakizai neno lililomtangulia.

#29 MsomajiWaUsiku
Wasomi walimsoma kwa Kilatini kabla ya North. Na midomo hutangulia kalamu.

#30 NahodhaWaFumba
"Midomo hutangulia kalamu" ndiyo hoja ile ile ya kijana wa Darajani na jahazi lake. Ukimruhusu mmoja mruhusu na wa pili.

#31 Kijana_Darajani
Ahsante nahodha! Kwale hoyee.

#32 Pujini_Mkongwe
Ukhti, swali moja. Umesema neno lilianza kwa kunyauka, kudhoofika. Ni la mtu tu au hata la mimea? Maana sisi karafuu changa ikipigwa na jua bila maji tunasema imenywea, na mtu aliyeugua muda mrefu tunasema kanywea, na mtu aliyekuwa akitamba kisha akatokewa na mwenye nguvu zaidi tunasema kanywea. Yote neno moja. Hii si njia ile ile: kunyauka, kuugua, kuogopa?

#33 BintiVuga
Hata mimea ndiyo. Na zamani lilitumika pia kwa kumfanyia mwengine: kumdhoofisha, kummaliza. Shakespeare ana mstari katika tamthilia ya ndoto ya usiku wa kiangazi ambamo "quail" na "quell" yamewekwa pamoja, mhusika akiyaomba majaaliwa yammalize. Baada ya 1650 hivi neno likawa adimu, likaja kuamka karne ya 19, na Walter Scott, mwandishi wa riwaya wa Uskochi, anatajwa kuwa ndiye aliyeliamsha. Ndio maana linanukia hadithi za mashujaa hadi leo, na ndio maana mwalimu kalikuta kwenye hadithi, hakulikuta gazetini.

Na mfano wako wa "kunywea" ndio bora kuliko wote katika uzi huu, naomba Bi Mkubwa asinikasirikie. Kukauka, kupungua mwili, kupungua moyo. Umenipa tafsiri ambayo inabeba historia yote ya neno bila kulazimisha. Nikiandika kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, hapo nitaandika kunywea na sitaongeza kitu.

#34 MzeeKarafuu_Wete
Ongeza "kugwaya".

#35 BintiVuga
Kugwaya kuna kutetemeka ndani yake, mzee. Ng'ombe wako wa pili alitetemeka?

#36 MzeeKarafuu_Wete
Hakutetemeka. Lakini nimeona watu waliogwaya bila kutetemeka. Mchezaji mmoja kijijini kwetu, mtu wa kusifiwa, siku moja ng'ombe alimjia akabaki kashika kitambaa mkononi, hakukipeperusha wala hakukimbia. Watu wakamvuta kwa kanzu. Alisema baadaye kuwa mikono ilikuwa si yake. Huyo tulisema kagwaya. Na hakurudi kiwanjani tena, na hakuna aliyemcheka, maana kila mmoja alijua siku hiyo yaweza kuwa yake.

#37 Msasi_Makunduchi
Huyo kafa ganzi, mzee. Kugwaya ni kutetemeka, ukhti ana haki.

#38 MzeeKarafuu_Wete
Wewe Makunduchi, mie Wete. Kila mtu na kugwaya kwake.

#39 Mwongozaji_Kiwengwa
Nimerudi. Leo nimebahatisha wageni wawili wa Kiholanzi, mume na mke, nikawauliza habari ya ukhti. "Kwaal" wamelithibitisha, ni maradhi, hasa yale ya kumsumbua mtu muda mrefu. "Kwellen" wakasema ni kutesa. Kisha nikawauliza "kwelen", kwa "l" moja. Mke akacheka, akasema hilo lipo hadi leo, lakini ni ndege kuimba! Mlio mzuri wa ndege asubuhi.

Sasa ukhti, uniambie. Neno lako la maradhi limegeuka wimbo wa ndege.

#40 Mfugaji_Mwera
Allahu akbar. Ndege karudi kwa mlango wa nyuma.

#41 BintiVuga
Mwongozaji umefanya kazi ya utafiti, sikudhihaki, nasema kwa moyo. Ndiyo, "kwelen" la sasa ni kuimba kwa ndege. Lile la kuugua ni la karne za kati. Lakini ndege anayeimba kwa Kiholanzi ni ndege yeyote, na kware wao leo ni "kwartel". Hoja yangu haijaanguka.

#42 MsomajiWaUsiku
Haijaanguka, imenywea.

#43 UkhtiVitongoji
Nimesoma uzi wote tangu juu, ahsanteni. Mwanangu wa kidato cha pili kila kitu siku hizi kwake ni "cringe". Nikivaa vile, cringe. Nikipiga picha, cringe. Ananiambia maana yake ni kujikunyata kwa aibu. Hili nalo ni la ukoo huu wa kurudi nyuma? Lina ndege?

#44 BintiVuga
Halina ndege, lina vita. Kiingereza cha kale "cringan" ni kuanguka vitani, kufa. Katika shairi la vita vya Maldon huko Uingereza, vita vya mwaka 991, askari mmoja alimuahidi bwana wake kuwa watarudi nyumbani salama wote wawili au wataanguka katika jeshi, na neno ni hilo. Baadaye likawa kujikunja, kuinama mbele ya mwenye nguvu, na sasa aibu. Linasemwa kuwa na udugu na "krank" ya Kijerumani, mgonjwa.

#45 UkhtiVitongoji
Kwa hivyo mwanangu ananiambia nikivaa buibui la kijani yeye anakufa vitani?

#46 Pujini_Mkongwe
Na hapa tena mgonjwa! "Krank" mgonjwa, "kwaal" maradhi, kunywea kwetu maradhi. Watu wa kaskazini kila aliyerudi nyuma wamemuita mgonjwa. Hili linatia nguvu upande wako, ukhti.

#47 BiMkubwa_Ng'ambo
Mgonjwa naye damu yake huganda. Mie sijatoka kwenye tui.

#48 MwalimuWaMjini
Ahsanteni nyote, sikutegemea haya. Nimeamua nitawaandikia ubaoni njia zote tatu, maradhi, maziwa na ndege, pamoja na tarehe za BintiVuga, na nitampa yule binti achague moja aitetee mbele ya wenzake. Kwale wa Darajani nitamtia pia, ili wajifunze kumkatalia kwa hoja.

#49 Kijana_Darajani
Mwalimu mpe na hoja ya jahazi, usimpeleke kwale peke yake.

#50 Mfugaji_Mwera
Nami nitakuletea kware wawili skuli, kwenye kizimba chenye dari ya chini. Wapitishieni kitambaa cheusi juu mara moja tu, muone wenyewe wanavyojibana. Msirudie rudie, watakufa kwa mshtuko. Mnaingia saa ngapi Jumatatu?

#51 MwalimuWaMjini
Saa mbili kasorobo za asubuhi. Njoo mlango wa nyuma, mlinzi nitamwambia.